Karatasi Mbili, Mwili Mmoja

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chini kwenye barabara ya kando ya ziwa, raba za mazoezi miguuni, watu wamenizunguka wakibishana kama nina kifafa au nina njaa. Sikuwa na kifafa wala njaa. Nilikuwa katika wiki ya tano ya dawa ya kutembea.

Kwa asiyenijua: naitwa Laurence, fundi cherehani. Nilikulia Ngara, Tanzania, nikarudi Rwanda na wazazi wangu, nikaolewa hapa Gisenyi. Miaka mitatu iliyopita nilipata homa ya siku tisa. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki. Msifikiri ni ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Mimi naosha kikombe kimoja, halafu nashika ukuta.

Nimetibiwa, jamani. Nimechomwa sindano za malaria mara tatu bila malaria. Nimetundikiwa maji, nimemeza vitamini za kila rangi, nimepewa dawa za minyoo na dawa za huzuni. Nimeombewa mpaka mwombaji akachoka kabla yangu. Nimepelekwa kwenye maji ya moto kule Nyamyumba, vijana wakanikanda kwa mikono migumu kama mbao, nikarudi nyumbani nikalala siku nne siwezi kuinua kijiko.

Mwisho wakanipeleka kwa mtu wa kine, yule wa mazoezi ya viungo. Akaniandikia: wiki ya kwanza tembea dakika kumi, kila wiki ongeza tano.

"Mwili wako umezoea uvivu, mama," akaniambia. "Ufundishe."

Nikaufundisha. Nao ukanifundisha mimi, pale barabarani, mbele za watu.

Baada ya kuanguka ndipo nilipokutana na Daktari Cedric. Kijana, miwani, sauti ya chini. Aliniuliza maswali saa nzima, na alipomaliza akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa yeyote tangu niugue.

"Nakuamini."

Nililia mpaka nikaona haya.

"Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu sina," akasema. "Ninachoweza kukufundisha ni namna ya kuishi nao. Pumzika kabla hujachoka. Ukiona una nguvu za kufanya mambo manne, fanya mawili. Na usishindane nao. Ukiushinda leo, utakulaza wiki nzima."

"Nitapona lini, daktari?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Sikumuuliza tena.

Aliniandikia karatasi: asifanye kazi nzito, na umuganda asamehewe. Umuganda ni ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Karatasi nikaipeleka kwa Janvier, mkuu wa mudugudu, mtaa wetu huu wa Nengo, mtu mwema anayependa mihuri. Akaisoma mara mbili, akaitia kwenye faili lake, na tangu siku hiyo, mwaka mzima, hakuna aliyenigongea mlango Jumamosi ile.

Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonileta kuungama leo.

Nina binti mmoja, Mwiza, ana miaka sita. Mwezi wa kwanza mama mkwe wangu, Mama Mukandutiye, alishuka kutoka Nyundo kuja kutusalimia. Akamkuta mtoto anajipikia uji saa nne asubuhi, mimi nimelala, chekechea imeshaanza zamani. Hakugomba. Heri angegomba. Alifunga nguo za mtoto kwenye kitenge akasema, "Huyu nakaa naye mpaka upone."

Sylvain, mume wangu, alikuwepo. Yeye ni dereva wa lori, mtu wa kupita milima na mabonde, lakini mbele ya mama yake alitazama sakafu kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Utajuaje nimepona, Mama?" nikauliza.

"Utapanda mpaka kwangu na karatasi ya daktari, kwa miguu yako mwenyewe. Siku hiyo utashuka naye."

Miezi ikapita. Katikati ya mwezi wa nane Sylvain akanipigia akiwa safarini. Nafasi imepatikana shule ya kule kule Nyundo, Jumatatu ya wiki mbili zijazo mama yake anamwandikisha Mwiza darasa la kwanza.

"Akiandikishwa?" nikamuuliza.

"Akiandikishwa, chérie, basi tena. Mama hatakubali ahamishwe mpaka amalize msingi."

Akaniuliza kama mvua imenyesha. Namjua mume wangu, akianza habari za mvua kuna kingine tumboni. Nikambana.

"Siku hizi anamwita Mama," akasema.

"Nani anamwita nani?"

"Mwiza. Anamwita mama yangu Mama."



Sasa sikilizeni nilichofanya. Nililala siku tano bila kugusa kitu. Siku ya sita nikamwita jirani yangu Nyirarukundo, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, anisuke. Kisha nikaenda kliniki nyingine, ambako hawanijui, nikasema nahitaji tu kupimwa afya. Sikutaja uchovu. Sikutaja kikombe wala ukuta.

Wakapima damu, mkojo, presha, moyo. Wakaandika: mzima.

Na hapo ndipo ulipo uchungu wa ugonjwa wangu. Wale watu hawakuandika uongo. Miaka mitatu hakuna kipimo kilichowahi kunisemea hata neno moja. Mara zote karatasi zile zimenitoa machozi. Siku hiyo niliikunja vizuri, nikaitia kwenye mkoba, nikamshukuru Mungu kwa kitu kile kile nilichokuwa namlalamikia.

Tena nina kosa jingine, la zamani. Mgeni akibisha hodi kwangu, mimi husimama. Navaa, najipaka mafuta, namletea chai, nacheka anapocheka. Akitoka nalala siku mbili. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, kwamba mgeni haonyeshwi kitanda. Kwa hiyo, ukitoa wale wapita njia wa kule ziwani, Nengo nzima hakuna mtu aliyewahi kuniona mgonjwa kwa macho yake. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema. Mimi nilidhani walikuwa wanawasema wengine.

Tukapanga Jumamosi, kabla ya Jumatatu ile. Sylvain aliahidi kuazima gari la rafiki yake, tupande wote wawili, yeye aongee, mimi nitabasamu. Siku zote zilizobaki nililala kama gogo. Nilikuwa najikusanya.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia.

"Chérie, bosi amenituma Rusizi na saruji. Niko njiani tayari."

"Sylvain, leo? Leo hii?"

"Ningefanya nini? Panda moto, pikipiki yoyote, dakika ishirini tu umefika. Mama ukimwonyesha karatasi atakuachia."

Sikuwa na nguvu za kugombana, na hizo kidogo nilizokuwa nazo nilikuwa nazitunza. Nikavaa nimekaa. Nikapumzika. Nikapaka rangi ya mdomo, nikapumzika tena. Saa mbili na dakika kumi nikafungua mlango.

Barabara tupu. Hakuna moto hata moja, hakuna gari, maduka yamefungwa. Nikasimama pale na mkoba wangu, nashangaa watu wamekwenda wapi. Ndipo nikasikia majembe.

Mwaka mzima umuganda kwangu ulikuwa mlio wa majembe nyuma ya pazia. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba leo ndiyo Jumamosi ile, na kwamba mpaka kazi iishe hakuna chombo kinachotembea barabarani. Kosa la namna hiyo, hapa kwetu, analifanya aliyesamehewa tu, au dereva asiyelala kwake. Mwingine yeyote angeangalia kalenda kabla hata ya kuangalia wingu.

Nikageuka nirudi ndani. Nilikuwa nimechelewa.

"Mama Mwiza! Ni wewe huyu?" Alikuwa Nyirarukundo, jembe mkononi, matope mpaka magotini. "Muangalie vile amependeza! Uko naenda wapi?"

"Nyundo. Kwa mama mkwe."

"Leo? Moto hapana, mama. Mpaka saa tano."

Watu wakaanza kunyoosha migongo kunitazama. Walikuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua, wanaume kwa wanawake, na mimi mbele yao na gauni la kutokea na nywele zilizosukwa. Mzee mmoja akacheka.

"Ugonjwa gani hii ya kupaka rouge?"

"Mwaka muzima sisi tunachimba," mwingine akadakia, "yeye iko nalala!"

"Munyamaze!" Janvier akaja, daftari kwapani. "Karatasi yake iko mu faili yangu, iko na muhuri." Akanigeukia, na kilichoniumiza ni kwamba alisema kwa upole. "Mama Mwiza, usiogope. Kama uko mugonjwa, rudi ndani ulale, hapana mutu atakugusa. Na kama umepona, bon, tunashukuru Mungu, jembe iko. Sema tu."

Sema tu. Mtu akisikia anadhani ni kazi rahisi.

Nikamtazama Nyirarukundo. Mara mbili kwa wiki anapanda Nyundo na beseni lake la sambaza, na mteja wake wa kwanza ni mama mkwe wangu. Simu yake nayo haijawahi kukosa salio. Nikisema mgonjwa, habari itafika Nyundo kabla yangu, na ile karatasi ya mkobani haitafaa hata kufungia karanga. Nikisema mzima, jembe lile pale.

"Nimepona," nikasema.

Janvier alifurahi kama nimemzalia mtoto. "Donc umepona! Mumesikia? Amepona!" Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nyirarukundo akapiga vigelegele, akanikimbizia jembe la mke wa Janvier na kitenge cha kujifunga juu ya gauni.

Nilidhani nitachimba kidogo, nionekane, kisha nikae pembeni. Lakini mtu aliyekaa pembeni mwaka mzima hawezi kukaa pembeni siku anayosema amepona. Kila nilipotua jembe, walinitazama. Kila nilipoliinua, walinisifu.

"Taratibu, mama, usituaibishe sisi!" yule mzee wa rouge akaniambia, sasa anacheka kwa upendo.

Pumzika kabla hujachoka, Daktari Cedric alikuwa ananiambia kichwani. Nilikuwa nimechoka kabla ya jembe la kwanza. Baada ya nusu saa masikio yalianza kuvuma. Baada ya saa nzima nilikuwa sioni mfereji, naona tu mpini na mikono ya mtu mwingine iliyoushika, na mikono hiyo ilikuwa yangu. Nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nasema jina la mwanangu kila jembe linaposhuka.

Kazi ikaisha, mkutano ukaanza. Janvier akanisimamisha katikati ya watu.

"Mama Mwiza, huyu, njo mufano wetu leo," akasema. Akatoa karatasi ya Daktari Cedric kwenye faili, akaikunjua mbele ya wote. "Hii haina kazi tena. Chukua, mama. Ukumbuke vile Mungu alikusaidia."

Wakapiga makofi. Nikapokea. Nikaitia mkobani karibu na ile nyingine.

Mwili wangu una tabia moja niliyoizoea: haukasiriki papo hapo. Mara nyingi hungoja mpaka kesho yake ndipo uniangushe. Nikajiambia, saa tano napanda moto, saa sita niko Nyundo, saa nane nimerudi na Mwiza. Kesho nianguke nipendavyo. Nitakuwa nimeanguka na mwanangu ndani ya nyumba.

Saa tano na robo nikapata moto. Nilimwambia dereva anipandishe mpaka mlangoni kabisa, na nilimshika kiunoni kama bibi harusi. Tulipofika, sikuzisikia nyayo zangu zilipogusa ardhi. Niliona kwa macho kwamba nimesimama.

Mama Mukandutiye alikuwa uani anapepeta maharage kwenye ungo. Mwiza alikuwa anaokota yaliyodondoka. Mtoto akaniona. Kwanza akamtazama bibi yake, kama anayeomba ruhusa, ndipo akanikimbilia. Ule mtazamo mmoja uliniuma kuliko jembe.

"Karibu," mama mkwe akasema kwa Kinyarwanda chake cha taratibu. "Kaa."

"Asante, Mama. Sikai sana, nilikuja tu..."

"Hukai? Unachukua mtoto wangu kama anayechukua kuku sokoni? Kaa unywe maziwa."

Mnajua wenyewe. Nyumba ya mkwe huondoki na koo kavu. Kuyakataa maziwa ni kutukana ukoo mzima, walio hai na waliolala. Lakini mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua: nikikaa, nimekwisha. Miguu ile ilikuwa imesimama kwa sababu haikuwa imepewa nafasi ya kufikiri.

Nikakaa kwenye benchi.

Akaniletea maziwa ya mgando. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili ili kisicheze. Nikaanza kufungua mkoba nitafute karatasi iliyosema mzima, ziko mbili, vidole havinitii, sijui ipi ni ipi.

"Acha karatasi," akasema.

Nikajua ameshasikia kitu.

"Nyirarukundo amenipigia simu," akaendelea. "Amesema umelima umuganda kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Amesema ulichimba kuwapita wanaume."



"Karatasi inaandikwa na mtu, na mtu anadanganya. Jembe halidanganyi." Akaketi karibu yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe. "Laurence, nilikufikiria vibaya. Nilimwambia mwanangu kwamba ameoa mvivu, na ugonjwa wako ni wa mdomo. Nisamehe. Mwanamke anayelima vile ni mzima, na mwanamke mzima hanyang'anywi mtoto."

Mnaona nilivyofungwa? Nilikuwa nimengoja miaka mitatu mwanamke yule aniombe radhi. Sasa ananiomba, kwa sababu ya kitu cha uongo, na nikimwambia ukweli nampoteza Mwiza kabla maziwa hayajaisha. Nilitaka kulia. Nikanywa.

"Mwiza!" bibi yake akaita. "Leta begi lako. Unarudi kwenu."

Mtoto akaruka. Akaingia ndani mbio, akatoka na begi mgongoni, nusu ya nguo zinaning'inia nje. Bibi yake akazipanga, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge, akamnong'oneza kitu sikioni. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu. Alikuwa amempenda kweli, nisimsingizie.

"Simama basi mwende," akaniambia. "Mvua ile inashuka."

Nikaweka kikombe chini. Nikashika ukingo wa benchi, nikaiamuru miguu.

Haikuja.

Nikaiamuru tena. Safari hii haikungoja kesho. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa natazama miguu ya mgeni, na baridi ilikuwa inapanda mgongoni kuelekea shingoni. Midomo nayo ilikuwa inaanza kuwa mizito.

"Leo nina furaha mpaka nimechoka," nikasema, nikacheka. Kicheko kikatoka kidogo sana.

Mama mkwe aliinua ungo wake, akaanza kwenda mlangoni. Mwiza akanishika vidole akavuta.

"Twende."

"Ngoja kwanza," nikamwambia, nikitafuta dakika moja, dakika moja tu, "funga vizuri kamba za viatu vyako."

Akainama, akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili.

"Lakini hizi hazina kamba," akasema.

Pale mlangoni, mama mkwe wangu akasimama. Akageuka. Akaweka ungo chini polepole, akaanza kurudi huku macho yake yako kwenye magoti yangu.